Nani Apewe Uso, Nani Apewe Jina: Maisha na Kazi za Augustus Saint-Gaudens

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili waishio Boston na miji ya jirani. Inachapishwa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kaka na dada, nanyi vijana mliozaliwa hapa hapa Massachusetts na bado mkakubali kutoa jioni yenu ya Jumamosi kuja kusikiliza habari za sanamu, nawasalimu nyote kwa heshima na nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya msanii mmoja, nami nimemchagua Augustus Saint-Gaudens, mchongaji wa minara ya shaba nyeusi, kwa sababu kazi yake kubwa kuliko zote iko katika mji huu, mkabala na jengo la serikali ya jimbo pale Beacon Street, na wengi wetu huipita tukiwahi treni bila hata kugeuza shingo. Sitawachosha kwa orodha ya tuzo zake. Ninalo swali moja tu, na nitalirudia mara nyingi mpaka mnichoke: mji unapoamua kumkumbuka mtu kwa shaba nyeusi, nani hupewa uso, na nani hupewa jina? Maana uso na jina si kitu kimoja, ndugu zangu, na historia ya minara imejaa watu waliopewa kimoja wakanyimwa kingine.

Saint-Gaudens alizaliwa Dublin, Ayalandi, tarehe 1 Machi 1848, wakati njaa kubwa iliyoletwa na ugonjwa wa viazi ilikuwa ikiwamaliza watu wa nchi ile. Baba yake, Bernard, alikuwa fundi viatu Mfaransa kutoka kijiji cha Aspet, karibu na milima ya Pyrenees. Mama yake alikuwa Mwairishi. Mtoto alikuwa na umri wa miezi 6 walipopanda meli kuikimbia njaa, na bandari waliyoshukia ni hii hii ya Boston. Nani kati yetu anahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo? Hawakukaa hapa. Walihamia New York, baba akafungua duka la viatu, na kijana akakulia katika mitaa ya mafundi na wahamiaji.

Alipofikia umri wa miaka 13 alipelekwa kujifunza kazi kwa Mfaransa mmoja, Louis Avet, aliyekuwa mchongaji wa kameo, yaani zile sura ndogo za watu na wanyama zinazochongwa juu ya jiwe la rangi na kuvaliwa kama pambo. Avet alikuwa fundi mzuri na mtu mkali kupita kiasi. Siku moja alimfukuza kijana kwa kosa la kuacha makombo ya chakula sakafuni, kisha hasira zilipotulia akaenda kwa wazazi kumwomba arudi, na akaahidi kumwongezea mshahara. Kijana akakataa. Katika kumbukumbu alizoziandika uzeeni, Saint-Gaudens anasema kwamba hakusahau kamwe tabasamu la fahari alilolionyesha baba yake siku ile. Familia ilihitaji fedha, na bado baba alitabasamu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu aliyekuja kusimamisha farasi wa shaba wenye kimo cha kutisha alianza kwa kuchonga nyuso zisizozidi ukubwa wa ukucha, na miaka ile yote ya kukodolea macho vijiwe ilimfundisha kwamba uso wa mtu unaweza kubadilika kabisa kwa tofauti ndogo kuliko unene wa karatasi. Ya pili ni ile jeuri ya kukataa. Tutaiona tena kwa wateja wake, ambao wengi waliingoja kazi yao mpaka wakaota mvi.

Mchana alifanya kazi kwa bwana mwingine, usiku akasoma uchoraji katika Cooper Union, chuo ambacho hakikutoza ada. Nje ya dirisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vikiendelea, na vikosi vilipita vikielekea kusini. Mwaka 1861 alimwona Abraham Lincoln akipita New York akiwa hai. Mwaka 1865 alipanga foleni ndefu kuuona mwili wake, na alipomaliza akarudi mwisho wa foleni akaanza upya ili amtazame mara ya pili. Alikuwa na miaka 17. Je, mnaona mtu wa aina gani huyu? Wengine walikwenda kuomboleza. Yeye aliomboleza na kusoma uso kwa wakati mmoja.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1867 alikwenda Paris, mwaka uliofuata akapokelewa katika chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts, na vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870 akahamia Roma, ambako aliishi kwa kuchonga kameo. Huko Roma alikutana na Augusta Homer, mchoraji Mmarekani aliyekuwa na uziwi, na walioana mwaka 1877, miezi michache baada ya Saint-Gaudens kupata kazi yake ya kwanza kubwa: mnara wa Admirali David Farragut kwa ajili ya bustani ya Madison Square, New York. Hata kazi hiyo aliipata kwa kuponea chupuchupu, maana kamati ilisita kumpa kijana asiyejulikana, mpaka John Quincy Adams Ward, aliyekuwa mchongaji mwenye heshima kubwa mjini, aliposimama upande wake. Mtu mzima aliyejitosheleza kwa umaarufu wake alimfungulia njia kijana ambaye kesho angekuwa mshindani wake. Jambo hilo halitokei kila siku, katika fani yoyote.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo jinsi kazi hii inavyofanyika, kwa sababu watu wengi hudhani mchongaji wa shaba huichonga shaba. Haichongi. Hufinyanga udongo juu ya kiunzi cha chuma na mbao, miezi au miaka, akiongeza na kuondoa. Udongo ukimridhisha, hutolewa nakala ya plasta. Plasta hupelekwa kwa wasubu, ambao huishindilia mchanga maalumu pande zote mpaka mchanga uhifadhi umbo lake, kisha humimina shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati, kipande kwa kipande, na vipande vikaja kuunganishwa baadaye. Kwa hiyo uamuzi wote wa msanii umo katika udongo, na udongo una hatari moja kwa mtu wa tabia ya Saint-Gaudens, nayo ni kwamba haukatai kusahihishwa.

Farragut alizinduliwa mwaka 1881, na New York ikaona kitu kigeni. Sanamu za wakati ule zilisimama zikiwa zimekauka, mkono mmoja kifuani, macho mbinguni. Farragut huyu amesimama akiwa ameachanisha miguu, kama mtu aliye juu ya sitaha ya meli inayoyumba, na upepo unaipeperusha ncha ya koti lake. Chini yake, badala ya jiwe la kawaida la kumwinulia, rafiki yake msanifu majengo Stanford White alibuni ukuta uliopinda wenye benchi, ili raia akae, apumzike, amwangalie. Kuanzia siku hiyo Saint-Gaudens hakukosa kazi.

Chicago ilipomwagiza sanamu ya Lincoln, akahitaji mahali pa kufanyia kazi wakati wa kiangazi. Wakili mmoja, Charles Beaman, alikuwa na nyumba kuukuu huko Cornish, New Hampshire, akamshawishi aipange kwa ahadi ya kuchekesha: kwamba katika vilima vile kuna wanaume wengi wenye umbo la Lincoln. Na kweli, ng'ambo ya mto, huko Windsor, Vermont, alimpata mkulima mrefu aitwaye Langdon Morse, mwenye kimo kile kile cha rais, akamvalisha koti, akamtembeza, akamsimamisha. Uso na mikono alivichukua mahali pengine: mwaka 1860, kabla Lincoln hajawa rais, mchongaji Leonard Volk alikuwa amempaka plasta usoni na mikononi akiwa hai na kutoa nakala halisi, na Saint-Gaudens alikuwa miongoni mwa waliochangisha fedha ili nakala hizo zinunuliwe na kukabidhiwa taifa. Lincoln wa Chicago alizinduliwa mwaka 1887. Amesimama mbele ya kiti ambacho ndiyo kwanza ameinuka, ameinamisha kichwa, hajaanza kusema. Nakala yake iko London, kwenye Parliament Square.

Hapo, ndugu zangu, swali letu halina ugumu wowote. Rais ana uso, rais ana jina. Admirali vilevile. Lakini vipi kuhusu wale waliotembea kwa miguu?

Sasa twende Beacon Street.

Mwaka 1863 Gavana wa Massachusetts, John Andrew, aliunda kikosi cha 54 cha askari wa miguu, mojawapo ya vikosi vya kwanza vya Wamarekani Weusi katika majimbo ya kaskazini. Wana wawili wa Frederick Douglass, yule mtoro wa utumwani aliyekuja kuwa sauti kubwa ya kupinga utumwa, walijiunga. Maofisa walikuwa Wazungu, na kanali wao alikuwa Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25 kutoka familia tajiri ya mji huu iliyopinga utumwa. Tarehe 28 Mei mwaka huo walipiga gwaride mbele ya jengo la serikali, wakashuka bandarini, wakapanda meli kwenda South Carolina. Tarehe 18 Julai waliishambulia ngome ya Wagner, wakipita kwenye ukanda mwembamba wa mchanga huku mizinga ikiwalenga. Askari takriban 600 walikwenda. Karibu nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Shaw alikufa juu ya ukuta wa ngome. Adui, yaani jeshi la majimbo ya kusini yaliyotetea utumwa, walimzika katika shimo moja na askari wake Weusi, wakikusudia kumdhalilisha, na baba yake alipoulizwa kama angependa mwili ufukuliwe alikataa, akasema hapana mahali patakatifu zaidi kwa mwanawe kuliko pale alipo. Sajini William Carney, aliyezaliwa mtumwa Virginia, alijeruhiwa mara kadhaa lakini akairudisha bendera ya kikosi bila kuiacha iguse ardhi. Alipewa nishani ya juu ya taifa mwaka 1900. Hesabuni wenyewe alingoja miaka mingapi.

Liko jambo jingine ambalo watoto wetu wanapaswa kulijua. Askari hawa waliahidiwa dola 13 kwa mwezi sawa na askari Wazungu, kisha serikali ikawaambia watalipwa dola 10, na 3 kati ya hizo zitakatwa kwa ajili ya nguo. Walifanya nini? Walikataa kupokea hata senti moja. Walipigana vita bila mshahara kwa zaidi ya mwaka mzima, wake zao wakihangaika nyumbani, mpaka Bunge lilipokubali mwaka 1864 kuwalipa sawa. Kikosi kizima kilikataa kama alivyokataa yule kijana wa Avet, na kwa gharama kubwa mara mia.

Wazo la mnara lilianzishwa mwaka 1865 na Mwafrika-Mmarekani, Joshua Benton Smith, mwandaaji wa vyakula vya karamu hapa Boston ambaye zamani aliwahi kufanya kazi katika nyumba ya kina Shaw. Kamati ilikuja kutia sahihi mkataba na Saint-Gaudens mwezi Februari 1884, kwa ujira wa dola 15,000, na muda wa kukamilisha ukawekwa kuwa miaka 2. Ikawa miaka 13.

Kilichotokea katikati ndicho kiini cha hotuba yangu. Michoro ya kwanza ya Saint-Gaudens ilimwonyesha Shaw peke yake juu ya farasi, kama majenerali na wafalme wanavyoonyeshwa. Familia ya Shaw ikakataa. Walisema mwana wao hakuwa jenerali, na kwamba heshima ya kupanda farasi peke yake haimstahili. Hapo ndipo msanii alipomshusha kutoka kwenye upweke wake na kumweka kati ya watu aliokufa nao. Tukiwa wakweli, basi, wazo lililomfanya Saint-Gaudens awe mkubwa halikuanza kichwani mwake. Lilianza kwa familia iliyofiwa ikasema hapana. Lakini kupokea wazo ni jambo moja, na kujua la kufanya nalo ni jambo lingine.

Mchongaji wa kawaida angefanya nini? Angechonga askari mmoja Mweusi, kisha akamrudia mara 20. Ndivyo ilivyokuwa desturi: afisa ana sura yake, kundi lina sura ya kundi. Saint-Gaudens alitoka mitaani New York, akawatafuta wanaume Weusi, akawalipa wakae mbele yake, akafinyanga vichwa vyao kimoja kimoja, takriban 40, wazee kwa vijana, kisha akachagua. Ukisimama mbele ya mnara ule leo, utaona mtu mzima mwenye ndevu ambaye ungeweza kumkuta kibarazani akicheza bao, utaona barobaro asiye na unywele kidevuni, na mbele kabisa mpiga ngoma ambaye bado ni mtoto. Wote wanaelekea upande mmoja, bunduki zimelala begani kwa mwinamo mmoja, mablanketi yamekunjwa mgongoni, na viatu vimechoka. Hakuna hata mmoja aliyefanana na mwenzake. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi iliwachora watu Weusi kwa dhihaka, au wakiwa wamepiga magoti wakisubiri kukombolewa, hapa wametengenezwa watu, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama.

Wako wanaosema, na nimewasikia hata katika ukumbi huu kabla hatujaanza, kwamba bado Mzungu yuko juu ya farasi na Weusi wako chini kwa miguu. Ni kweli. Siwezi kuwaambia msione mnachokiona. Na nitaongeza jambo linalouma zaidi: katika kumbukumbu zake Saint-Gaudens anawasimulia wale wanaume waliokaa mbele yake kwa lugha ya dharau na mzaha, lugha ya Mzungu wa zama zake. Mikono yake iliwaheshimu kuliko ulimi wake. Sijui kama hilo litawafariji au litawakasirisha. Mimi hunifanyia yote mawili, lakini nikilazimika kuchagua kati ya mtu aliyesema maneno mazuri akachonga nyuso 20 zilizofanana, na huyu, nitamchagua huyu.

Nawaomba mnifuate kidogo hadi nyumbani, Dar es Salaam, ili tuone ubishi huu kwa macho mengine. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha pale sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, iliyotengenezwa na Adolf Kürle. Wissmann alisimama juu, mkono kwenye upanga, na chini yake aliwekwa askari Mwafrika, ameinua uso kumtazama bwana wake, akiifunika maiti ya simba kwa bendera ya Kijerumani. Yule askari alikuwa na uso, lakini uso ule ulikuwa na kazi moja tu, kumtukuza mtu mwingine. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Hatimaye ilirudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wakaiangusha.

Mahali pake, mwaka 1927, ilizinduliwa sanamu mnayoijua nyote, ya James Alexander Stevenson, Mwingereza: askari mmoja wa Kiafrika, peke yake, ameshika bunduki yenye singe, ameelekea bandarini. Hakuna bwana juu yake. Kwa hilo tumshukuru Stevenson. Maandishi ya chini yanawakumbuka askari Waafrika, na wapagazi, lile jeshi la wabeba mizigo ambalo Kariakoo ilirithi jina lake, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina gani, jamani? Pale hapana jina hata moja. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi, na ahadi ya jina imeandikwa juu ya jiwe lisilo na majina.

Na hapa Boston je? Mnara wa Shaw ulizinduliwa tarehe 31 Mei 1897. Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani Weusi, alihutubia, mwanafalsafa William James, ambaye mdogo wake alikuwa ofisa wa kikosi kile na alijeruhiwa Wagner, alihutubia pia, na askari wa 54 waliokuwa bado hai, wazee sasa, walipita mbele ya nyuso za shaba zilizokuwa na umri waliokuwa nao siku ile ya gwaride. Lakini upande wa nyuma wa mnara, mahali palipochongwa majina ya waliokufa, yaliandikwa majina ya maofisa tu. Nyuso zilikuwa mbele, na hazikuwa hata nyuso za askari wenyewe bali za watu wa New York waliolipwa kukaa. Majina ya askari hayakuwapo popote. Yaliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilipita zaidi ya miaka 80 kati ya uso na jina.

Kisa kingine cha uso usio na jina kiko New York, kwenye kona ya Central Park. Mwaka 1903 Saint-Gaudens alizindua mnara wa Jenerali William Sherman, umepakwa dhahabu, farasi anakwenda na ukwato wake uko juu ya tawi la msonobari linalowakilisha Georgia, jimbo alilolichoma moto. Mbele ya farasi anatembea mwanamke mwenye mabawa, Ushindi, mkono ameunyoosha. Mtu aliyesimama katika karakana ili Ushindi afinyangwe alikuwa Hettie Anderson, Mwafrika-Mmarekani mwenye rangi nyeupe kiasi, aliyekuja New York kutoka South Carolina. Saint-Gaudens alimsifu kwamba ni mwanamitindo mzuri kuliko wote aliowahi kuwaona. Lakini kumbukumbu zake zilipochapishwa mwaka 1913, baada ya kuhaririwa na mwanawe, Homer, jina la Hettie halikuonekana. Kwa miaka mingi watu walipita chini ya uso wake bila kujua ni wa nani, na mkuu wa jeshi anayeongozwa naye hakuhitaji kamwe kutambulishwa.

Nikiri kwamba kuna kazi moja ya Saint-Gaudens inayoipindua hoja yangu, nami naipenda. Mwanahistoria Henry Adams alifiwa na mkewe, Marian, aliyejiua mwaka 1885 kwa kunywa kemikali za kusafishia picha, na akamwagiza msanii kaburi lisilo na jina, lisilo na tarehe, lisilo na msalaba. Likawekwa Washington mwaka 1891 katika makaburi ya Rock Creek: mtu aliyeketi, amejitanda shuka zito, uso umo kivulini, hujui kama ni mwanamume au mwanamke. Watu waliomba waambiwe maana yake, na Adams alikataa kuwaambia. Ni kazi ya kushangaza. Lakini Adams alikuwa mjukuu wa rais mmoja na kitukuu wa mwingine. Kuliacha jina kwa hiari ni anasa ya mtu ambaye jina lake limeshaandikwa kila mahali.

Mwaka 1900, akiwa Paris ambako kazi zake zilipata tuzo ya juu katika maonyesho makubwa ya mwaka huo, Saint-Gaudens aligunduliwa kuwa na saratani. Alirudi Cornish na kuendelea kufanya kazi pamoja na wasaidizi wengi, wanawake kwa wanaume, wengine wakaja kuwa wachongaji wakubwa kwa haki yao. Mwezi Oktoba 1904 karakana iliungua, na michoro, barua na kazi za miaka mingi zikateketea. Akaanza upya. Rais Theodore Roosevelt alimwomba abuni sarafu mpya ya dhahabu ya dola 20, na mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu, Charles Barber, akalalamika kwamba sura zimeinuka mno na mashine haiwezi kuzipiga kwa pigo moja. Barber hakuwa amekosea kuhusu mashine. Sura zilipunguzwa kina kabla sarafu haijaingia mikononi mwa watu. Saint-Gaudens hakuishi kuiona ikitumika, kwani alifariki tarehe 3 Agosti 1907. Kijana aliyeanza na kameo alimaliza na kitu kinachoenea kiganjani.

Na mnara wa Shaw? Hakuwahi kuuacha. Baada ya shaba kusimamishwa Beacon Street na hotuba kwisha, aliendelea kubadilisha ile nakala ya plasta, hasa yule mwanamke anayeelea juu ya askari akiwa ameshika maua ya mipopi na tawi la mzeituni, ambaye rafiki yake Paul Bion alimwambia wazi kutoka Paris kwamba hamhitaji, kwa kuwa askari wanaotembea na kanali wao wanatosha. Kwa maoni yangu Bion alisema kweli. Plasta hiyo iliyosahihishwa imeonyeshwa kwa miaka mingi katika National Gallery of Art mjini Washington, na mwenye kuwa na safari ya huko anaweza kuilinganisha na shaba yetu, uso kwa uso.

Vijana wameniuliza kama tunaweza kwenda pamoja kuuona mnara, nami nimekubali. Tutapanga siku na katibu atawatumia ujumbe. Shaba ilisafishwa na kukarabatiwa mwaka 2020 na 2021, kwa hiyo mtaziona nyuso vizuri. Mkitosheka na upande wa mbele, msiondoke. Shukeni ngazi kuelekea bustani ya Boston Common, mzunguke nyuma, na kila mtoto achague jina moja la askari, alisome kwa sauti, na alete wiki ijayo lolote atakalokuwa amelipata juu ya mtu huyo: alizaliwa wapi, alikuwa mtumwa au mtu huru, alifanya kazi gani kabla ya vita. Orodha za kikosi zimehifadhiwa, na nyingi zinasomeka bila malipo.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa nakaribisha maswali, tukianza na wale waliosema farasi ameinuka mno.